UZI: Kamati ya mazingira ya kaunti ina meno, ama ni mapambo? Historia fupi, tukianzia Mackinnon Road

1/
Kila timbo jipya la kokoto likifunguliwa, kila lori la mchanga likizamisha barabara ya kijiji, mjadala ni ule ule. Mmoja atasema: "Kamati ya mazingira imetuuza." Wa pili: "Hiyo kamati ndiyo inayofukuza wawekezaji." Wa tatu anacheka tu: "Kamati gani? Mimi sijawahi kuiona."

Wote watatu wanaongea juu ya kitu kimoja, na kila mmoja ana kipande chake cha ukweli. Leo tuipitie historia polepole. Sitataja mwanasiasa wala chama. Viongozi huja na kwenda, karatasi hubaki, na kisa hiki ni kisa cha karatasi.

2/
Jibu fupi kwa wenye haraka: kamati ya mazingira ya kaunti haitoi leseni ya mazingira. Haikuwahi kuitoa. Leseni hutoka NEMA, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira.

Upande wa miradi, kazi ya kamati ilianza kama kushauri: kusoma ripoti, kuuliza maswali, kuandika maoni. Lakini msikimbie hapo mkisema "basi haina maana." Ushauri ulioandikwa ukafika kwa wakati una nguvu yake. Na ushauri ambao haukuandikwa una madhara yake, tena makubwa kuliko watu wanavyodhani. Nisomeni mpaka nambari 14 mtaona kwa nini.

3/
Kwa nini Mackinnon Road? Kwa sababu ukitafuta mji katika Kwale unaojua maana ya kuamuliwa mambo na watu wa mbali, ndio huu.

Hata jina lenyewe. William Mackinnon alikuwa mkuu wa kampuni ya Imperial British East Africa Company, iliyoanza mwaka 1890 kukata barabara ya mikokoteni kutoka Mombasa kuelekea bara. Barabara ikapewa jina lake, na mji nao ukabaki nalo. Miaka michache baadaye ikaja reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kukatiza nyika ya Taru, nchi ya miiba isiyo na maji. Kumbukumbu ya wafanyakazi wa reli ile bado ipo pale mjini: msikiti na kaburi la Seyyid Baghali, ambapo madereva wa njia kuu husimama kuomba dua.

4/
Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa inajiandaa kupunguza jeshi lake Misri. Ikaamua kujenga bohari kubwa la kijeshi Mackinnon Road. Kazi ikaanza mwaka 1947. Katikati ya nyika yakaletwa saruji, mabati, mitambo na maelfu ya vibarua. Baada ya miaka michache London ikabadilisha mawazo, mradi ukaachwa.

Mwaka 1954, katika msako wa Mau Mau, majengo yale yakapata kazi nyingine: kambi ya kuzuilia watu waliokamatwa Nairobi na kwingineko. Mkenya wa kule akapajua hapa kwa jina la mateso.

Miaka hiyo hiyo ya 50 ukajengwa mradi wa bomba la maji la Mzima, kutoka chemchemi za Tsavo hadi Mombasa. Bomba linafuata njia kuu, linapita hapa hapa. Maji yanakwenda mjini, na mama wa huku nyikani anabeba mtungi.

5/
Hebu tuhesabu: barabara, reli, bohari, kambi, bomba. Mambo matano makubwa. Yote yalitaka ardhi, mawe, maji na kuni za mahali hapa. Yote yalikuja kabla ya sheria yoyote ya kumlazimisha mkubwa amwulize mwenyeji: je, hii itakuathiri vipi?

Sisemi kila moja lilikuwa baya. Reli na barabara ndizo zilizoujenga mji. Nasema tu kwamba swali halikuulizwa, wala hapakuwa na kiti cha mtu wa kuliuliza. Kamati ya mazingira, ukiitazama kwa historia ya hapa, ni kile kiti.

6/
Na msidhani kabla ya mzungu nchi ilikuwa haina mwenyewe. Wamijikenda, na Waduruma wa huku ndani wakiwemo, walikuwa na kaya na baraza la wazee, ngambi. Msitu wa kaya ulikuwa na masharti: usikate mti, usiingize mifugo, usipite njia isiyo yako. Aliyevunja alitozwa faini ya mnyama na akafanyiwa utakaso. Kamati ile ilikuwa na meno.

Mwaka 2008 UNESCO iliweka misitu 10 ya kaya katika orodha ya urithi wa dunia, zikiwemo kaya za Waduruma na Kaya Kinondo kule Diani. Iliyohifadhi misitu ile si sheria ya bunge. Ni wazee na hofu ya aibu.

7/
Lakini pia tusiipake rangi. Ngambi ilikuwa ya wazee wanaume. Mwanamke na kijana hawakuwa na sauti kubwa. Na mamlaka yake yalikuwa na nguvu zaidi ndani ya kaya kuliko nyika nzima. Zilipokuja hatimiliki na hoteli ufuoni Diani, baadhi ya misitu ikamegwa huku wazee wanatazama. Hawakuwa na karatasi. Wenye karatasi walikuwa wengine.

Hilo ni somo la kwanza: heshima bila maandishi haimzuii mtu mwenye hati.

8/
Mwaka 1924 serikali ya kikoloni ilianzisha mabaraza ya wenyeji wilayani. Yalijadili barabara, shule, kodi ndogo ndogo, hata matumizi ya ardhi. Mwenyekiti alikuwa nani? Mkuu wa Wilaya, DC. Wenyeji walikaa, wakaongea, DC akaandika.

Uhuru ukaja. Nairobi ikapata makao makuu ya UNEP, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lililoundwa mwaka 1972, na mwaka 1974 serikali ikaunda Sekretarieti ya Kitaifa ya Mazingira. Mwaka 1983 ukaja mpango wa kupeleka maendeleo wilayani, na Kamati ya Maendeleo ya Wilaya ikawa ndiyo mlango wa kila mradi. Mwenyekiti? DC.

9/
Halafu ikaja sheria tunayoibishania hadi leo: Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, ambayo wengi huiita EMCA. Ilianza kufanya kazi tarehe 14 Januari 2000. Kwa mara ya kwanza Kenya ilikuwa na sheria moja inayosema: mradi mkubwa usianze kabla ya kupima athari zake kwa mazingira.

Sheria hiyo ikaunda NEMA, jopo la rufaa la mazingira, kamati ya malalamiko ya umma, na, hapa ndipo petu, kamati za mazingira za mkoa na za wilaya.

10/
Kamati ya wilaya ilikuwa na nani? Wawakilishi wa wizara na serikali za mitaa, wawakilishi 4 wa wakulima, wanawake, vijana na wafugaji, 2 wa wafanyabiashara, 2 wa mashirika yasiyo ya kiserikali na 2 wa vikundi vya jamii. Kwa mfugaji wa Mackinnon Road hilo lilikuwa jambo jipya kabisa: kiti chenye jina lake kwenye sheria ya nchi.

Na mwenyekiti? Mshakisia. DC.

Kuanzia baraza la 1924 mpaka kamati ya 1999 ni miaka 75. Wajumbe walibadilika, nchi ilibadilika, bendera ilibadilika. Kiti cha mbele kilibaki cha afisa aliyetumwa na serikali kuu. Mtu akikwambia kamati hizi "zimezoea kusubiri amri kutoka juu", hatukani. Anasimulia historia.

11/
Sheria ikaja wakati mzuri, ama mbaya, kutegemea umekaa wapi. Msambweni, kule Maumba na Nguluku, kampuni ya Kanada iliyoitwa Tiomin ilikuwa inataka kuchimba titani. Wakulima waliambiwa watahama. Wakauliza: vumbi je? Maji je? Minazi yetu na mikorosho itahesabiwa vipi?

Mwaka 2001 wakulima walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa. Mahakama ikatoa amri ya kuizuia kampuni, na hoja kubwa ilikuwa hii: sheria mpya inataka leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira, na leseni hiyo haipo.

12/
Oneni jambo hapo. Sheria ilikuwa inafanya kazi tangu Januari 2000, lakini NEMA yenyewe ilianza kazi rasmi Julai 2002. Katikati, sheria ilikuwa na maneno bila afisi. Aliyeipa uhai Kwale si kamati. Ni mkulima na jaji.

Baadaye mambo yalisonga. Kampuni ilipata hati ya kuchimba mwaka 2004, mradi ukauzwa kwa kampuni ya Australia mwaka 2010, meli ya kwanza ya shehena ikaondoka Likoni Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Kesi ya 2001 haikuua mradi. Iliulazimisha upite mlangoni badala ya dirishani. Hiyo ndiyo tofauti ya kusimamisha maendeleo na kuyauliza maswali.

13/
Sasa tufike kwenye kiini. Mwaka 2003 zilitoka Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira. Humo ndimo kamati ya wilaya ilipopewa kazi yake ya ushauri, na mpangilio ulikuwa hivi:

Mwenye mradi anapeleka ripoti NEMA. NEMA ndani ya siku 7 inapeleka nakala kwa idara husika na kwa kamati ya mazingira ya wilaya. Kamati inatakiwa kurudisha maoni yake, kwa maandishi, ndani ya siku 21.

Siku 21. Wiki 3.

14/
Na kama kamati haikujibu? Kanuni zilisema hivi: siku 30 zikipita bila maoni, NEMA inaendelea kuamua.

Rudieni kusoma hiyo. Kimya cha kamati hakikuzuia mradi. Kimya kilifungua njia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu; kwa kanuni hizi kimya hakikuwa na mshindo wowote. Faili lilisonga mbele tu.

Kwa hiyo yule anayesema "kamati imetuuza" huenda anaikosea. Kamati inaweza isimuuze mtu, isipokee chochote, isiseme ndiyo wala la. Ikachelewa kukutana tu. Na matokeo kwa aliye jirani na timbo yakawa yale yale.

15/
Fikirieni sasa ramani. Makao ya wilaya ya Kwale ni mjini Kwale, juu ya milima ya Shimba. Ripoti ya mradi wa Mackinnon Road inasomwa huko. Mfugaji wa huku akitaka kufika, apitie Samburu na Kinango, ama ashuke mpaka Mombasa avuke feri apande tena. Nauli yake, siku yake, na mbuzi wanasubiri.

Ripoti yenyewe ni kurasa nyingi za Kiingereza cha kitaalamu. Siku 21 ni za nani hapo? Kiti chake kwenye sheria kipo, lakini njia ya kukifikia ni ndefu kuliko muda aliopewa. Hapo ndipo ushauri unapokufa bila mtu yeyote kuuua.

16/
Mtasema nakuza mambo. Basi tuvuke mpaka wa kaunti kidogo, hadi Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa kando ya makazi ya watu, kikafanya kazi miaka kadhaa hadi kilipofungwa 2014. Sumu ya madini ya risasi iliingia kwenye damu za watoto.

Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na NEMA ikiwa miongoni mwa waliopatikana na lawama. Kesi ikapanda, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikasimama na wakazi. Ushindi ni ushindi. Lakini fidia haimtoi mtoto risasi mwilini. Swali la siku 21 za mwanzo ndilo lililokuwa la bei rahisi kuliko yote.

17/
Katiba ya 2010 ilibadilisha uwanja. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Ibara ya 70 inamruhusu mtu kwenda mahakamani hata kama hawezi kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Kaunti zikapewa udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyingine za umma, pamoja na utekelezaji wa sera za kitaifa za mazingira.

Mwaka 2015 EMCA ikarekebishwa. Kamati za mkoa na wilaya zikafutwa, ikaja Kamati ya Mazingira ya Kaunti.

18/
Muundo wa sasa kwa ufupi: mwenyekiti ni waziri wa kaunti anayesimamia mazingira. Wamo wawakilishi wa wizara za kitaifa zinazohusika, wawakilishi 2 wa wakulima ama wafugaji, 2 wa wafanyabiashara, 2 wa mashirika ya manufaa ya umma yanayoshughulika na mazingira, na mwakilishi wa mamlaka ya maendeleo ya eneo. Gavana ndiye anayeiteua kamati kupitia Gazeti Rasmi la serikali.

Kazi zake: usimamizi bora wa mazingira katika kaunti, na kuandaa mpango wa mazingira wa kaunti kila miaka 5.

Baada ya zaidi ya miaka 90, kiti cha mbele kimetoka kwa afisa wa serikali kuu kikaja kwa serikali iliyochaguliwa nyumbani. Si jambo dogo. Lakini pia lina maana nyingine: sasa hatuwezi kulaumu Nairobi peke yake.

19/
Turudi kwa wale watu watatu.

"Kamati imetuuza." Uliza kwanza: iliandika nini, lini? Kama iliandika maoni ya kupinga na NEMA ikatoa leseni, lawama ni ya NEMA. Kama haikuandika kitu, swali ni la kamati. Bila karatasi hiyo unalaumu gizani.

"Kamati inafukuza wawekezaji." Haiwezi, haina kalamu ya leseni. Inachoweza ni kuuliza maji yatatoka wapi na mashimo yatafukiwa na nani. Mwekezaji anayekimbia swali hilo, tumshukuru kwa kukimbia mapema.

"Kamati gani?" Huyu mnamcheka, na swali lake ndilo bora. Kama uteuzi haujatangazwa kwenye Gazeti Rasmi, ama muda wa wajumbe umekwisha bila wapya kuteuliwa, basi kweli: kamati gani?

20/
Tusichanganye kamati pia. Hili huzua ugomvi wa bure kila siku.

Ndovu wa Tsavo akivuka akaua mtu ama kuvunja tangi la maji, hiyo ni kamati nyingine, ya wanyamapori na fidia, chini ya sheria ya 2013. Sheria iliweka shilingi milioni 5 kwa kifo na milioni 3 kwa ulemavu wa kudumu. Pesa za madini ni Sheria ya Madini ya 2016: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Ushuru wa lori la mchanga ni wa kaunti.

Mkienda kudai fidia ya ndovu kwa kamati ya mazingira mtarudi na hasira, na mtasema kamati haifanyi kazi. Mlango tu ndio mliokosea.

21/
Mackinnon Road ina tatizo lake la ziada: mpaka. Mzozo wa Kwale na Taita Taveta juu ya mji huu ni wa miaka mingi, na majukwaani huwa unazungumzwa kama suala la ushuru na kura. Kuna upande ambao hautajwi. Mpaka ukibishaniwa, timbo lililo karibu nao ni la kamati ipi? Vumbi likitoka upande mmoja likatua mwingine, nani anaandika maoni?

Kanuni za 2003 zilipeleka mradi unaogusa zaidi ya wilaya moja kwa kamati ya mkoa. Mwaka 2015 ngazi hiyo ya katikati ikaondoka. Anayegombania mpaka kwa ajili ya ushuru aulizwe pia kama yuko tayari kugombania vumbi lake.

22/
"Basi kamati zipewe kura ya turufu, zikatae mradi moja kwa moja." Nimeisikia hoja hii mara nyingi, na haina ubaya kuijadili. Jimbo la Massachusetts, Marekani, liliruhusu miji yake kuunda tume za hifadhi mwaka 1957. Zilianza zaidi kwa kushauri na kutunza ardhi. Baadaye, kwa sheria ya kulinda maeneo oevu ya 1972, zikapewa kazi ya kutoa vibali. Kwa hiyo inawezekana.

Tanzania ilichukua njia nyingine: sheria yake ya mazingira ya 2004 iliteremsha kamati mpaka kijijini.

Mimi naona ya Tanzania inatufaa kuizingatia kwanza. Kamati yenye kura ya turufu iliyoko mbali na timbo itakuwa tu mlango mmoja zaidi wa kubisha na bahasha. Kamati iliyo karibu, hata ikiwa ya kushauri, ina macho.

23/
Wengine watapinga, na wana haki. Ukiteremsha kamati mpaka kijijini unaiteremsha pia kwenye ukoo, deni na urafiki. Mwenye timbo ndiye mwajiri wa vijana wa hapo. Mchoma makaa ni jirani yako, na anachoma kwa sababu mvua imekataa mara mbili mfululizo na mifugo imekwisha. Utamwandikia maoni gani?

Hilo ni swali gumu kweli, na kamati yoyote isiyolijibu itabaki kupiga marufuku vitu ambavyo watu wanaishi kwavyo. Kushauri si kusema "hapana" tu. Ni kusema pia "badala yake nini."

24/
Sasa, wewe unayesoma hapa kwa simu, unaweza kufanya nini kabla ya mjadala ujao? Mambo 4:

Moja, tafuta kama kamati ya kaunti yako imetangazwa kwenye Gazeti Rasmi, na ni nani wanaokalia viti viwili vya wakulima ama wafugaji.

Mbili, omba kuona mpango wa mazingira wa kaunti wa miaka 5. Angalia kama wadi yako imetajwa hata mara moja.

Tatu, ukisikia mradi unakuja, omba kwa maandishi nakala ya maoni ya kamati. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa afisi siku 21 kukujibu. Ndiyo, siku 21 tena. Safari hii ni zako wewe kuzidai.

Nne, kama leseni imeshatoka na huridhiki, jopo la rufaa la mazingira lipo, na muda wa kukata rufaa ni siku 60. Usizimalize kwa kubishana huku.

25/
Barua yoyote ipelekwe nakala 2, moja igongwe mhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Ni kazi ndogo ya kuchosha, haina makofi. Lakini kumbukeni wazee wa kaya: walikuwa na ukweli, walikuwa na heshima, hawakuwa na karatasi.

Na wakulima wa Msambweni 2001 hawakuwa na kamati wala NEMA iliyosimama. Walikuwa na sheria mpya na ujasiri wa kuifungua.

26/
Tumalizie Mackinnon Road. Barabara ilikuja, reli ikaja, bohari likaja likaachwa, kambi ikaja ikafungwa, bomba likapita. Mwaka 2017 ikaja reli ya pili, mara hii kukiwa na sheria ya kutaka watu waulizwe. Kesho litakuja jingine: kiwanda, timbo, mashamba ya sola, sijui. Njia kuu ni njia kuu, mambo hayataacha kupita.

Tofauti ni kwamba sasa kuna kiti. Hakina kalamu ya leseni, wala mtu asikudanganye hivyo kwenye jukwaa. Kina siku chache na karatasi tupu. Kikikaliwa, karatasi ile itafika mbele ya jaji siku moja na kusema: tuliuliza. Kikiachwa wazi, faili litasonga, na mtoto wa huku atakunywa vumbi ambalo hakuna aliyeandika kulipinga.

Mkikutana na mgombea yeyote, wa upande wowote, msimuulize kama anapenda mazingira. Wote wanayapenda. Muulizeni kamati ilikutana lini mara ya mwisho, na kumbukumbu za mkutano ziko wapi.

Mwisho wa uzi. Mpelekee yule mwenzako wa "kamati gani?"